Kabla ya Kubadili Gesi ya Usingizi

Mwaka 2023 Scotland iliondoa desflureni katika hospitali zake za umma, kwa sababu gesi hiyo ya usingizi hupasha joto anga zaidi ya mara 2,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Huku Uingereza mjadala wa nusukaputi umefika hapo. Nyumbani, Tanzania na Kenya, zipo hospitali ambazo bado huwalaza wagonjwa usingizi kwa halotheni, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1956. Wengi wetu tulio ughaibuni tukisikia hivyo tunataka ibadilishwe kesho, na tuko tayari kuchanga. Naona tunaanzia mwisho. Halotheni ina madhara ya kweli: huudhoofisha moyo, huvuruga mapigo yake na, mara chache, huharibu ini. Lakini ni nafuu, na mtoto huivuta bila kukohoa, ilhali isoflureni, gesi nyingine ya usingizi, huwasha njia ya hewa. Sevoflureni, gesi ya usingizi isiyowasha, ingewafaa watoto, ila vyombo vingi vinavyogeuza dawa kuwa mvuke hutengenezwa kwa ajili ya dawa moja tu. Ukiipeleka chupa peke yake, hujapeleka kitu. Tena vyombo vya zamani vya halotheni, ambavyo mgonjwa huvuta hewa ya kawaida kupitia kwavyo, huendelea kufanya kazi umeme ukikatika na mitungi ya gesi ikiisha.

Atakayesema kwamba huko ni kuwaachia Waafrika dawa waliyoitupa wengine ana hoja nzito, nami sitetei halotheni ibaki. Ninachokataa ni kudhani kwamba gesi mpya ndiyo iliyoleta usalama tunaouona huku. Hapa mtaalamu wa usingizi haondoki kando ya mgonjwa, kidoleni kuna kipimo cha oksijeni, na kipimo kingine husoma kaboni dayoksaidi katika pumzi. Mpira wa kupumulia ukiingia kwenye umio badala ya njia ya hewa, hicho cha pili hufichua kosa baada ya pumzi chache tu. Kosa hilo lisipogunduliwa, mgonjwa hufa kwa kukosa oksijeni, na sevoflureni haimwokoi. Shirikisho la dunia la wataalamu wa usingizi linataka angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Nchi zetu ziko mbali sana na hapo. Kwa hiyo michango yetu itangulie kusomesha wataalamu na kununua vipimo hivyo viwili, kisha sevoflureni ifuate pamoja na chombo chake, vipuri na fundi wa kukihudumia.