Kabla Hujalipia Hilo Tela

Des Moines, Iowa

Mpwa wangu mpendwa,

Picha ya trekta tumeipata na tumeitazama sana. Ekari zako mwenyewe hapo Waxahachie na Kubota L2501 juu yake! Hongera, mwanangu. Mama yako alinipigia simu usiku wa manane wa huko Moshi kwa furaha, nami sikumlaumu.

Ila ile picha ya pili ndiyo iliyonikalisha mezani niandike badala ya kukujibu kwa maneno mawili. Tela la ekseli moja, urefu futi 12, bei nzuri, mwenye nalo anakuhimiza ulichukue kabla ya Jumamosi, na wewe unaniuliza kama litafaa kwa kuwa "trekta lenyewe ni dogo". Halifai. Usilipe hata senti ya kishika nafasi. Nitakueleza kwa nini, kisha nitakwambia lipi la kutafuta, na nakuomba usome mpaka mwisho hata kama una haraka.

Nilipokuwa naendesha malori ya Dar kwenda Tunduma, hesabu ya uzito hatukuachiwa sisi. Ukifika mizani ya Kibaha, kila ekseli inapimwa, na ukizidisha utashusha mzigo au utalipa faini. Kelele zilikuwa nyingi pale, lakini ile mizani iliokoa watu wengi waliokuwa wanaupanda mlima wa Kitonga. Huko uliko, mtu binafsi mwenye pikapu na tela lake kwa kawaida hasimamishwi na mizani yoyote. Barabara ya I-35E utaishika na mzigo wowote ule, hakuna wa kukuuliza. Kwa hiyo anayepima ni wewe.

Tuanze na trekta. Kitabu chake kitakwambia uzito wa kama pauni 2,600 hivi, na hapo ndipo wengi wanapoishia. Lakini hiyo ni trekta tupu, kabla hujafunga kitu. Ndoo ya mbele na mikono yake inakaribia pauni 900. Matairi ya nyuma, ukinisikiliza, utayajaza maji au ile juisi nzito ya viazisukari isiyoganda, ili trekta lisinyanyuke nyuma unapobeba udongo kwa ndoo. Galoni moja ya maji ni zaidi ya pauni 8, ya juisi hiyo inakaribia 11, na matairi mawili kwa pamoja yanaweza kukuongezea pauni 600 bila wewe kuona tofauti yoyote kwa macho. Mashine ya kufyekea ya futi tano, ambayo najua utainunua kwa sababu nyasi za Texas hazimsubiri mtu, ni pauni 500 hadi 600 nyingine. Tia dizeli, minyororo, dumu la akiba, na ule udongo mweusi wa huko unaoganda kwenye matairi mvua ikinyesha. Umeshafika pauni 5,000, yaani karibu kilo 2,270. Karibu mara mbili ya ile namba ya kitabuni.

Sasa litazame hilo tela la bei nzuri. Nenda upande wa kushoto, mbele, utaona kibati kimepigiliwa kwenye chuma. Kina uzito wa juu ulioruhusiwa, tela na mzigo wake pamoja. Kwa matela ya ekseli moja ya namna hiyo, mara nyingi utakuta 2,990. Si kwamba mtengenezaji alipima akaona ni 2,990 kweli. Ekseli yenyewe inabeba 3,500. Namba imewekwa hapo kwa sababu majimbo mengi yanadai breki kwenye tela kuanzia pauni 3,000, na tela lisilo na breki ni rahisi kulitengeneza. Toa uzito wa tela lenyewe, karibu pauni 1,000, unabaki na 2,000 za mzigo. Trekta lako tupu, bila ndoo, bila chochote, limeshapita hapo. Na kumbuka halina breki, mwanangu. Kwa hapo Texas sheria inaanza kudai breki tela likizidi pauni 4,500, kwa hiyo askari anaweza kuliona hilo tela tupu na asiseme neno. Breki za pikapu ndizo zitakazolipa deni hilo siku taa itakapokuwa nyekundu mbele yako ghafla.

Hatua inayofuata, ambayo wauzaji watakupeleka moja kwa moja, ni tela la ekseli mbili, kila moja pauni 3,500, kibati kikiandika 7,000. Ni matela mazuri, na kwa trekta dogo zaidi ya hilo lako, zile zinazokata nyasi za uani, yanatosha kabisa. Kwako wewe hesabu ni hii: tela la futi 18 au 20 la namna hiyo lenyewe lina pauni 2,000 na zaidi. Ukitoa, unabaki na kama 4,900, na mzigo wako ni 5,000. Umeona? Siku ya kwanza tu umeshafika ukingoni, na bado hujanunua kifaa cha kusawazishia barabara wala jirani hajakuomba umbebee kitu. Mimi tela sipendi kulitumia kila siku mpaka mwisho wa uwezo wake. Springi zinalala, beringi zinapata moto, matairi yanapasuka Julai wakati lami inaunguza.

Kwa hiyo tafuta lenye ekseli mbili za pauni 5,200 kila moja. Kibati chake mara nyingi kitaandika 9,990, na hapo pia kuna sababu: sheria za shirikisho za magari ya biashara zinaanza kuhesabu kwenye 10,001. Tela lenyewe ni kama pauni 2,500 hadi 2,800, utabaki na nafasi ya zaidi ya 7,000. Mzigo wako unaingia na kupumua. Lakini jua kwamba hesabu ya shirikisho inajumlisha pikapu na tela. Siku utakapoanza kufyeka mashamba ya watu kwa malipo na kuvuka kwenda Oklahoma, namba ya jumla itakuwa imeshapita 10,001, na utahitajika kufuata taratibu za biashara. Ukiwa kwenye kazi yako mwenyewe shambani kwako, leseni yako ya kawaida inatosha, maana hujakaribia 26,001.

Urefu sasa. Wewe umeuliza futi ngapi, na nimechelewa kukujibu kwa makusudi, kwa sababu watu huanzia hapo. Trekta lako na ndoo mbele na mashine ya kufyekea nyuma, kutoka ncha hadi ncha, litakaribia futi 19. Kwenye tela la futi 16 litaingia, ndiyo, mkia ukining'inia nje. Lakini tatizo si mkia. Tatizo ni kwamba hutakuwa na mahali pa kulisogeza.

Hapa nataka unielewe vizuri kuliko kote. Tela lililopakiwa ni kama bembea ya watoto iliyowekwa juu ya ekseli: ukisogeza mzigo mbele, mkono wa tela unalemea pikapu, ukiusogeza nyuma, mkono unakuwa mwepesi. Uzito unaotakiwa kukaa kwenye mkono, pale unapoungana na pikapu, ni asilimia 10 hadi 15 ya tela na mzigo wake kwa jumla. Ukiwa chini ya hapo, tela linaanza kuchezesha mkia. Nimeliona hilo kwa macho yangu nikiwa nyuma na semitrela, mahali penye upepo kati ya Oklahoma City na mpaka wa Texas. Mtu alikuwa amepakia trekta kinyumenyume, injini imekaa huku nyuma kabisa ya tela. Kwenye mteremko mdogo tu tela likaanza kwenda kushoto, kulia, kushoto, kila mara kidogo zaidi. Dereva akakanyaga breki za pikapu, jambo ambalo kila mtu angefanya, na hilo ndilo lililommaliza: tela likamsukuma, likamgeuza, vyote viwili vikalala kwenye nyasi za katikati ya barabara. Alitoka akitembea, namshukuru Mungu. Likikutokea, usikanyage breki ya gari. Shika usukani unyooke, ondoa mguu kwenye mafuta, na uvute breki za tela peke yake kwa ule mkono wa kifaa kilicho karibu na goti lako. Kwa hiyo kifaa hicho lazima kiwepo, na ujue kilipo bila kutafuta.

Futi 20 zitakupa nafasi ya kulisogeza trekta mbele kidogo au nyuma kidogo mpaka upate pale pake. Ukishapata, piga alama ya rangi kwenye mbao, tairi la mbele lisimame hapo kila siku. Mashine ya kufyekea ikibaki nyumbani, alama itahama. Weka ya pili.

Upana usikusumbue sana. Matela mengi yana inchi 82 au 83 kati ya madigadi, na hilo trekta linapita kwa raha. Angalia zaidi rampu. Ule mlango wa nyavu unaokunjwa, wa kupandishia mashine za kukatia nyasi, utapinda pale tairi la nyuma la trekta litakapoukanyaga. Tafuta rampu za chuma kizito, na vishikizo vya kusimamisha nyuma ya tela. Bila hivyo, trekta likiwa katikati ya rampu, linabinua tela na kunyanyua matairi ya nyuma ya pikapu, breki ya mkono inakuwa haishiki kitu. Pandisha trekta pikapu ikiwa imefungwa kwenye tela siku zote, chuma cha kukinga kichwa kikiwa wima na wewe umefunga mkanda.

Sasa pikapu, na hapa huenda ukanikasirikia. Jumla ya tela na mzigo ni kama pauni 7,700. Asilimia 12 ya hiyo ni zaidi ya 900, na yote inakaa mgongoni mwa pikapu yako. Fungua mlango wa dereva, tazama karatasi ya njano kwenye nguzo: imeandika uzito wote wa watu na mizigo ambao gari linaruhusiwa kubeba. Kwa pikapu za nusu tani kama yako namba hiyo mara nyingi ni 1,400 hadi 1,800. Toa 900. Kilichobaki ni wewe, mkeo, watoto wawili, na sanduku la vifaa. Kisha lala chini ya gari usome kibati cha chuma cha kuvutia kule nyuma. Vingi vinaruhusu pauni 5,000 tu bila ile mikono ya springi inayogawa uzito kwenye ekseli ya mbele. Utaihitaji hiyo mikono. Ukiona namba zinakataa, mashine ya kufyekea ibebwe safari yake peke yake, au iachwe shambani kwenye kontena lililofungwa. Tela kubwa halimpi nguvu gari linalolivuta.

Kwa kufunga, chukua minyororo minne ya daraja la 70, unene 5/16 ya inchi. Kila mmoja una uwezo wa kufanya kazi wa pauni 4,700. Sheria inataka jumla ya uwezo wa vifungo ifikie angalau nusu ya uzito wa mzigo, na kwa mashine za chini ya pauni 10,000 wengine hutumia viwili. Wewe weka vinne, kila pembe kimoja, ukikaza kwenye chuma cha chasisi na si kwenye mikono ya ndoo. Ndoo ishushwe mpaka ikae sakafuni, mashine ya kufyekea pia, na ifungwe kivyake.

Kabla hujanunua chochote, kodi tela la futi 20 kwa siku moja. Pakia kila kitu, uende kwenye kituo cha malori chenye mizani ya CAT, zimejaa kwenye barabara kuu na kampuni yenyewe ni ya huku kwetu Iowa, Walcott. Utapewa karatasi yenye uzito wa kila kundi la ekseli. Kisha toa mkono wa tela kwenye pikapu, upime pikapu peke yake, na tofauti itakuonyesha mkono unalemea kiasi gani. Nipigie picha hizo karatasi mbili unitumie kabla ya kumpa mtu yeyote pesa. Na ukilipata tela, hakikisha ekseli zote mbili zina breki, betri ya ile breki ya dharura ina chaji, tairi la akiba limo kwenye bei kwa sababu mara nyingi halimo, na nati za magurudumu uzikaze tena baada ya maili 50 za kwanza.

Mkaza mjomba wako anauliza kama mbegu za mchicha alizotuma zimefika. Msalimie mkeo na watoto.

Wasalaam,
Mjomba wako