Kabla ya Rangi

Watu wakija gereji huuliza kuhusu rangi. Itafanana na ile ya zamani? Itang'aa? Itakaa miaka mingapi? Sijawahi kusikia mteja akiuliza gari lake litapanguzwa na nini kabla ya rangi kupigwa. Lakini hilo ndilo jambo ambalo mimi na mjomba tumebishania kuliko lingine lolote.

Gereji yetu iko Kariobangi Light Industries, hapa Nairobi. Mjomba alianza kupiga rangi kabla sijazaliwa. Mimi nilikuja baada ya Fomu 4 kungoja karo ya koleji, na mpaka leo bado tunaingoja. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa msasa. Ya pili ilikuwa kutumwa thina.

Kwetu thina ilikuwa ya kila kitu. Inachanganya rangi, inaosha bunduki ya kupulizia, inapanguza bodi, na jioni tunanawa nayo mikono. Ikiisha, kuna petroli. Ukiuliza mbona, unaambiwa thina ni kali, inatoa uchafu wote.

Ni kali kweli, na hapo ndipo shida ilipo. Thina imetengenezwa kuyeyusha rangi, na gari linaloletwa kwetu tayari lina rangi, pengine lishapigwa mara 2 au 3 na mafundi tofauti. Ukiipaka pale msasa ulipokata tabaka za zamani, inapenya kwenye kingo na kuzilainisha. Unapiga rangi juu, mteja anaondoka akifurahi, halafu baada ya siku chache kingo zinavimba na kiraka chote kinajichora kama ramani. Tena thina hukauka haraka mno. Grisi iliyoyeyushwa haipati muda wa kuingia kwenye kitambaa, inabaki palepale kwenye bodi. Hujaitoa, umeieneza tu.

Petroli nayo ilitengenezwa ili iungue. Huwekwa viongezo vinavyobaki kwenye bodi, ina benzini inayojulikana kusababisha saratani ya damu, na mvuke wake unaweza kushika moto hata kukiwa na baridi. Jirani yetu wa mlango wa 2 anachomelea vyuma mchana kutwa. Mafuta taa yana kasoro ya upande mwingine: hayana haraka, lakini yanaacha utando wa mafuta.

Kinachofaa ni digrisa, ile ya kuondoa nta na grisi. Ni pole, haigusi rangi iliyokwisha kukomaa, na inakaa majimaji muda wa kutosha kuubeba uchafu. Unaipaka kwa kitambaa kimoja na kuikausha kwa kingine safi kabla haijakauka yenyewe. Lakini kwanza unaosha gari kwa maji na sabuni, kwa sababu chumvi ya jasho na matope hutoka kwa maji, si kwa digrisa. Halafu digrisa, halafu msasa, halafu digrisa tena. Ukianza na msasa unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na kuitoa humo ni kazi nyingine. Kwa bampa za plastiki tumia spiriti au kisafishio kilichoandikwa ni cha plastiki.

Haya yote yameandikwa kwenye karatasi za watengenezaji wa rangi. Nilizisoma kwa simu nikiwa kwenye matatu. Kumwambia mjomba ndiyo ilikuwa kazi.

Mwaka jana jamaa wa teksi za programu alituletea Toyota Fielder nyeusi. Boneti ilikuwa imekwaruzika. Kila asubuhi alikuwa akipaka polishi ya dashbodi, ile yenye silikoni, na kitambaa hichohicho alikipitisha kwenye boneti ing'ae. Mjomba akapanguza kwa thina, akapiga rangi. Kabla hata ya dakika 5, rangi ikaanza kukimbia yenyewe na kufungua vishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Rangi haikai juu ya silikoni.

Mjomba alilaumu maji kwenye kompresa, halafu akalaumu baridi. Yule jamaa alisimama kando akipiga hesabu kwa vidole. "Fundi," akasema, "hii gari ndiyo inalisha watoto, na mkopo haujui boneti imeharibika."

Jioni nikasema, "Mjomba, naomba niseme kitu." Nikamweleza.

"Wewe umesoma kemia mpaka wapi?"

"Fomu 4."

"Na mimi nimepiga rangi tangu enzi za Nyayo."

Hapo maneno hayangesaidia. Kesho yake tulitoa rangi yote iliyoharibika kwa msasa, nikaomba nijaribu boneti nusu kwa nusu. Upande mmoja tulipanguza kwa thina, kama kawaida. Upande wa pili nikaosha kwa sabuni, halafu digrisa mara 2, nikibadilisha vitambaa. Nilikuwa nimeinunua nusu lita kwa doo yangu. Kisha nikamwaga maji juu. Upande wangu maji yalilala kama shuka. Upande wa thina yalikatika vipande vipande na kujikusanya matone. Mjomba aliangalia muda mrefu. Hakusema kitu. Akachukua kitambaa na chupa ya digrisa, akaanza kupanguza upande wake.

Gari lilitoka vizuri, siku 3 baada ya ahadi. Siku 3 bila kazi jamaa hakurudishiwa na mtu.

Lakini mimi nawaza zaidi juu ya mjomba mwenyewe. Ngozi ya mikono yake imepasuka na kuwa nyeupe. Kichwa kinamuuma kila jioni. Ananywa maziwa, kama mafundi wengi wa rangi, akiamini yanasafisha kifua. Maziwa huenda tumboni. Mvuke huingia mapafuni na moja kwa moja kwenye damu, na kile kitambaa anachojifunga usoni huzuia vumbi tu. Mvuke unahitaji barakoa yenye vichujio vya mkaa maalum. Toluini iliyo kwenye thina nyingi ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye gundi za viatu wanazonusa vijana wa mtaani. Tunawafukuza mlangoni wakija na chupa zao, halafu tunarudi ndani kuvuta yetu.

Siku hizi bodi zote zinapanguzwa kwa digrisa. Mikono bado. Nikimgusia ananiambia, "Gari ni la mteja. Mikono ni yangu."

Nimeweka sabuni ya kipande na kikopo cha mafuta ya kupikia kando ya mfereji. Mafuta hulegeza rangi kwenye ngozi, sabuni inamalizia. Sijamwambia lolote. Wiki hii nimeona alama za vidole vyeusi kwenye kikopo, na ni mimi na yeye tu tunaofunga gereji jioni.