Ya Baridi au ya Moto?

Mimi na mume wangu tuna utaratibu wetu wa Ijumaa. Tukitoka kazini tunakutana Masaki, kwenye zile sehemu zenye taa za bluu na menyu ambayo ukisoma bei unajikuta umeshiba. Tunakaa, tunapiga picha, halafu kila mtu na simu yake. Saa nne usiku tunarudi nyumbani. Ukituuliza tumeongea nini, jibu hatuna.

Ijumaa iliyopita akanifuata ofisini, Morocco, akasema, "Leo nifuate mimi." Tukachukua bajaji, tukateremka na Barabara ya Kawawa mpaka Magomeni Mapipa, kisha tukaingia mitaani kwa miguu. Mimi na viatu vyangu virefu kwenye mchanga! Nilinuna, sikusema kitu.

Baa yenyewe haina hata kibao. Ni uwanja wa nyumba ya zamani, mkungu mmoja mkubwa katikati, viti vya plastiki vilivyopauka na kaunta yenye wavu wa chuma. Pembeni kuna jiko la mkaa, kijana anageuza mishkaki na ndizi. Wazee wawili wanacheza drafti kwa vizibo vya bia. Mmoja kavilaza chali, mwenzake kavifudikiza, basi ubao umekamilika. Hakuna anayegeuka kukuangalia umevaa nini.

Mhudumu, mama wa makamo, akaniuliza swali ambalo Masaki sijawahi kuulizwa: "Ya baridi au ya moto?" Wazee hapa wanakunywa ya moto, yaani isiyotoka kwenye friji. Kila chupa anayofungua, kizibo anakiacha mezani. Ndiyo hesabu yako hiyo. Ukitaka kuondoka vinahesabiwa, hakuna ubishi.

Na muziki? Zilipendwa tupu, kwa sauti ambayo unaweza kuongea juu yake. Wazee wamegawanyika: kuna watu wa Msondo, bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na kuna watu wa Sikinde, yaani Mlimani Park iliyozaliwa 1978. Ukisikia wanavyotaniana utadhani ni Simba na Yanga.

Niliwasalimia, "Shikamooni." Mmoja akaitikia, "Marahaba, karibu mkwe." Kumbe alikuwa rafiki wa marehemu baba mkwe wangu, ambaye kila jioni akitoka kazini alikuwa anakaa chini ya mkungu huu. Akanisimulia jinsi mwanzoni mwa miaka ya 80 bia ilivyokuwa adimu kama sukari na sabuni. Siku kreti likiingia, alisema, walikuwa wanagawana chupa moja watu wawili na maongezi yanafika usiku.

Nikaanza kucheka, nikavua viatu. Ndipo mzee akaniinamia kwa upole: "Mkwe, afadhali umekuja. Mwambie mumeo asikate tamaa. Kazi zipo, atapata nyingine tu."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anaangalia vizibo.

Wiki tatu, jamani. Wiki tatu alikuwa anaamka, anavaa tai, ananibusu mlangoni, halafu anakuja kukaa hapa na supu moja mpaka jioni. Kilichoniuma si kazi. Kilichoniuma ni kwamba baa nzima ilikuwa inajua kabla yangu.

"Nilitaka kukwambia leo," akasema. "Kule Masaki nilijaribu mara mbili. Muziki ulikuwa juu."

Mzee alitambua alichokifanya, akahamisha ubao wake wa drafti meza ya mbali. Mhudumu akapunguza redio, akatuletea bakuli mbili za supu ambazo hatukuagiza. Sikumsamehe pale pale, sitaki kuwadanganya. Nililia kidogo, nikamsema kidogo. Kisha nikaazima kalamu kaunta, tukachana kipande cha boksi, tukaandika: kodi ya nyumba, ada ya mtoto, mchango wangu wa kikoba, na zile Ijumaa zetu. Tulipojumlisha Ijumaa za mwezi mmoja, tuliangaliana tu.

Vizibo vyetu vilikuwa vinne. Pamoja na mishkaki na ndizi, bili haikufika bei ya glasi mbili za kule tulikozoea.

Msomaji wangu, siku hizi tukisema mtoko tunafikiria sehemu ya kuonekana. Lakini kila mtaa una baa ya namna hii, na pengine mwenzako ana yake ambayo hajakupeleka. Mwombe akupeleke. Nendeni mapema, jua likiwa bado lipo, na chenji mfukoni. Salimieni wazee kwanza. Gari liacheni nyumbani. Kama hamnywi, soda ipo na hakuna atakayewashangaa. Simu ziwekeni mfukoni, maana meza yenyewe ni ndogo, ikishakaa mishkaki na pilipili imejaa.

Mume wangu bado anatafuta kazi. Tai ameitundika kabatini. Asubuhi anampeleka mtoto shule, kisha anakaa na kompyuta anaandika maombi. Ijumaa hii tunarudi Magomeni. Yeye anataka nijifunze drafti. Mimi nitavaa ndala.