Sala juu ya theluji



Tangu niweke ile picha ya theluji, maswali yamekuwa mengi kuliko salamu. Mmoja kaandika: "Sheikh, na wewe umekwenda kuteleza na Wazungu?" Sikuteleza, ndugu yangu. Magoti haya yamepita miaka hamsini. Nilialikwa Uswisi kwa darsa na ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaoishi huko, kisha nikamfuata kijana niliyemsomesha madrasa, ambaye sasa anaosha vyombo katika mgahawa mmoja juu ya milima ya Zermatt. Alikuwa ameniambia kwa simu: "Maalim, msimu wa baridi Adhuhuri na Alasiri nazilipa usiku. Kule juu haiwezekani." Nikamwambia, nipeleke nikaione hiyo haiwezekani.

Zermatt ni mji mdogo bondeni, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Magari ya petroli hayaingii. Unayaacha Täsch unapanda treni, na mjini vinatembea vigari vya umeme. Kutoka hapo ni kupanda tu. Ipo treni ya meno, yaani katikati ya reli kuna reli nyingine yenye meno, na gurudumu linayashika ili treni isirudi nyuma. Imeanza kazi mwaka 1898, na inakufikisha Gornergrat, mita 3,089. Vipo viti vinavyoning'inia kwenye waya, watu wamekaa miguu ikiwa hewani na mbao zao za skii. Na vipo vibanda vya vioo vinavyopanda hadi Klein Matterhorn, mita 3,883.

Mnajua kuwa sunna ya msafiri ni kuleta takbira anapopanda na tasbihi anaposhuka. Wallahi siku ile ulimi haukupumzika. Kibanda kinapita juu ya bonde, chini unaona watu wadogo kama sisimizi wakishuka kwa kasi. Njia zao zimewekewa alama: buluu kwa wanaoanza, nyekundu kwa waliozoea, nyeusi kwa mabingwa. Niliona mtoto mdogo, labda miaka mitano, akishuka nyekundu huku baba yake amebaki nyuma anahema.

Theluji yenyewe! Sisi tunaiona ya Kilimanjaro kwa mbali. Miaka yote nimewafundisha watoto ile dua ya kufungulia sala, ambayo Mtume (s.a.w.) anaomba asafishwe makosa kwa maji, theluji na mvua ya mawe, na nikiwafasiria thalji kuwa theluji, kwangu na kwao lilikuwa neno tu. Pale Gornergrat niliichota kwa mkono. Ni nyeupe hadi macho yanauma. Niliposoma dua ile katika Adhuhuri ya siku hiyo, nilinyamaza kidogo kabla ya kuendelea na Fatiha.

Ndiyo, tuliswali. Kibla cha pale ni kusini-mashariki, na huko ndiko ulikosimama Monte Rosa, mlima mrefu kuliko yote Uswisi. Tulitandika mswala pembeni ya jengo. Watu walipita, wawili wakatutazama, wakaendelea kupiga picha zao.

Nikamuuliza kijana: haiwezekani iko wapi? Maji? Jikoni kwenu mna maji ya moto kutwa. Wakati? Januari kule Adhuhuri inaingia kama saa saba kasorobo na Alasiri kama saa tisa kasoro dakika kumi, na wateja wa chakula cha mchana wanapungua saa nane. Ruhusa ya msafiri huna, wewe ni mkazi. Akainamisha kichwa. "Maalim, naona haya. Watanicheka." Hapo nilinyamaza, kwa sababu hilo ndilo jambo lenyewe, na si lake peke yake. Wangapi wananiandikia kutoka maofisini na viwandani, wanataja baridi, wanataja zamu?

Siku ya pili alimwomba mpishi mkuu dakika kumi. Yule bwana akamwonyesha stoo ya unga, akamwambia asiache mlango wazi.

Jambo jingine, kwa mnaoishi mabondeni. Zermatt jua hufichwa na mlima mapema, kivuli kinaufunika mji, lakini ukiinua macho vilele bado vinang'aa. Hiyo si Magharibi. Jua kufichwa si jua kuchwa. Alasiri ingali na wakati wake, na aliyefunga asifungue.

Na mliouliza kuhusu udhu: theluji ni tohara, lakini kupangusa tu hakutoshi, lazima iyeyuke na maji yake yatiririke kwenye kiungo. Viatu vya skii ni vigumu kama bomba, vidole havikunjiki, na sijida inataka vidole vya miguu vitulie chini. Vivue. Vaa khofu za ngozi ukiwa na udhu kamili kabla hujatoka nyumbani, upake juu yake. Mkazi ana mchana mmoja na usiku wake.

Wallahu a'lam.