Bando Langu Liliponusurika

Namshukuru Mungu, steshenari yangu bado iko wazi. Ipo hapa Karatu mjini, kwenye barabara iendayo lango la Lodoare. Wateja wangu ni madereva wa utalii wanaochapisha vibali, wanafunzi wanaoomba mkopo wa chuo na wakulima wa vitunguu wa Mang'ola.

Kuna kipindi nilinunua bando asubuhi, saa sita mchana halipo. Kompyuta zangu ni kuukuu, zinatumia Linux ya ukoo wa Debian. Nikiweka programu moja ndogo, inakuja na msururu wa vifurushi nisivyoviomba. Nilichokifuta leo, kesho kinarudi kimeambatana na kingine. Diski inajaa, ukurasa wa mkopo haufunguki, mwanafunzi aliyetoka Rhotia kwa nauli ya kuazima anaondoka mikono mitupu. Kodi ya fremu ikalala. Usiku nilikuwa nalia.

Kijana mmoja fundi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, kufuta peke yake hakutoshi. Kizuie kisiingie kabisa."

Akafungua folda ya /etc/apt/preferences.d, akaandika faili la mistari mitatu:

Package: jina la kifurushi
Pin: release a=*
Pin-Priority: -1

Namba ikiwa chini ya sifuri, apt, yaani programu inayoweka vifurushi, haikiweki kifurushi hicho hata kikiitwa na kingine. Programu isiyoweza kufanya kazi bila hicho nayo itakataliwa, kwa hiyo chagua kwa makini. Kisha, kwenye /etc/apt/apt.conf.d, akaongeza mstari huu: APT::Install-Recommends "false"; ili vinavyopendekezwa tu visije bila ruhusa yangu. Baadaye nikajua kwamba Linux Mint 20, ya mwaka 2020, ilitumia faili la aina hiyohiyo kukizuia kifurushi cha snapd.

Tangu hapo bando linafika jioni. Kodi nimelipa, na wanafunzi wanamaliza maombi yao palepale kwenye kiti.

Mwenzangu unayehangaika na kompyuta kuukuu na bando la kuunga, usikate tamaa wala usifunge duka. Kabla ya kuweka chochote, andika apt-get install -s na jina la programu: utaona vyote vitakavyoingia, na hakuna kitakachopakuliwa. Soma orodha yote. Usichokihitaji, kizuie. Kompyuta ni yako, na bando umelinunua kwa jasho lako.