Tushukapo Makumbusho

Mtu atokaye Boko kwenda mjini Dar es Salaam hana njia nyingi za kuchagua. Hupanda gari katika barabara ya Bagamoyo, akapita Tegeta chini ya kilima cha Wazo, akapita Mbezi na Lugalo, akafika Mwenge, na baada ya hapo haupiti muda mrefu ila atamsikia utingo akiita kwa sauti iliyokwisha kukauka: "Makumbusho! Wa Makumbusho washuke!" Abiria husimama, huokota mizigo yao, huulizana habari za gari la Kariakoo au la Posta, kisha kila mmoja hushika njia yake. Sisi tulipokuwa tukifundisha mjini tulishuka mahali hapo kwa muda wa miaka 11. Katika miaka yote hiyo hatukujiuliza hata siku moja ni nini kinachokumbushwa pale, wala ni nani anayekumbushwa.

Neno lenyewe lastahili kutazamwa. Wagiriki wa kale walipojenga nyumba yao ya elimu huko Alexandria, katika pwani ya Mediterania, waliiita kwa jina la miungu wao wa kike wa sanaa, na kutokana na jina hilo mataifa mengi ya Ulaya yamepata neno la kuitia nyumba za namna hii. Sisi hatukuliazima. Tulichukua kitenzi chetu cha kukumbuka, tukakitia nguvu ya kusababisha, tukapata makumbusho. Kwa hiyo kwetu sisi hii si nyumba ya miungu wala si ghala la vitu vikuukuu, bali ni kitu kimfanyiacho mtu kazi. Taabu ni kwamba hakuna awezaye kukumbushwa jambo ambalo hakupata kulijua.

Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa mwaka 1967 huko Kijitonyama, kilomita zipatazo 10 kutoka katikati ya mji, kikiwa sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Badala ya kupanga vyungu na mikuki katika kabati za vioo, waliokianzisha waliona heri kujenga nyumba zenyewe, za makabila mbalimbali ya nchi yetu, zikakaa pamoja katika uwanja mmoja kama wageni waliokutana safarini. Humo imo tembe ya Wagogo, yenye paa la udongo lililo bapa, na msonge wa Wahaya, ambao ukiutazama kwa mbali hutambui ukuta unaishia wapi na paa linaanzia wapi. Na imo nyumba ya Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, ambao watu wa Boko ni ndugu zao au jirani zao.

Yatupasa tukiri kwamba hatukuingia humo kwa hiari. Mwalimu mwenzetu aliyehamishwa kutoka Bukoba ndiye aliyetushika mkono siku moja ya Jumamosi, akataka kuuona msonge wa kwao. Alipoufikia aliinama mlangoni, akakaa ndani kwa muda mrefu kuliko tulivyotazamia, kisha akatoka akaanza kutueleza mahali pa ng'ombe, mahali pa wazee, mahali pa moto. Tulimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza akatuuliza, "Na ya kwenu iko wapi, mwalimu?"

Ya kwetu tulikuwa tumeibomoa.

Nyumba ya babu yetu ilikuwa Boko, kando ya njia iendayo Ununio. Nguzo zake zilikuwa za mikoko, zilizokatwa kwenye vidaka vya upande wa Mbweni. Fito zake zilifungwa kwa kamba za ukindu. Na ilipofika siku ya kukandika, udongo ulipondwa kwa miguu na kurushwa ukutani kwa mikono ya watu wa kijiji kizima, huku wali ukiiva uani. Paa lilikuwa la makuti. Ukumbi ulipita katikati kutoka barazani hadi uani, hata mtu aliyeketi mbele aliweza kumwona apikaye nyuma. Mwaka 1988 tuliivunja kwa muda wa siku 2, tukajenga ya matofali ya saruji. Saruji hatukwenda kuitafuta mbali, kwa kuwa kiwanda cha Wazo Hill kilikuwa kimeanza kazi tangu mwaka 1966, na vumbi lake tulilijua kabla hatujaijua bei yake. Mama aliomba tubakize japo chumba kimoja na jiko. Tulimjibu kwamba majirani watatuonaje. Kinu tulikipasua kikawa kuni. Mlango wa mbele, ambao babu aliuchonga kwa tezo miezi kadhaa, tulimuuzia mpita njia mmoja kwa fedha isiyotosha kununua mifuko 3 ya saruji. Na hata leo tuingiapo katika duka la sanaa hujikuta tukiitazama milango kwanza.

Hatusemi kwamba watu warudi katika nyumba za udongo. Aliyewahi kuamka usiku wa masika akahamisha kitanda mara nne kukwepa matone hawezi kutoa ushauri huo. Lakini kuacha jambo ni kitu kimoja, na kulionea haya ni kitu kingine. Na kosa letu lilikuwa hili la pili.

Baadaye tulipohamia shule ya sekondari ya karibu na nyumbani tuliazimia kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili Kijitonyama. Tulikwisha kuwaona wanafunzi wa shule nyingine wakipitishwa humo kwa mwendo wa kwata, wakinakili maandishi ya vibao bila kuinua macho, nasi hatukutaka hayo. Tukamwomba jirani yetu mmoja, bibi aliyepita miaka 80, afuatane nasi. Alicheka sana kusikia kwamba kuna nyumba ya Kizaramo ambayo watu hulipa kiingilio ili waione. "Nami nitalipa?" akauliza. Tulimlipia.

Wanafunzi walimsalimu garini, akawaitikia marahaba, akalala usingizi hadi Mwenge. Tulipofika mbele ya nyumba yenyewe hakuingia. Aliizunguka kwanza, akausugua ukuta kwa kidole, akainua uso kuyatazama makuti, akanusa. Vijana wawili wakaanza kuchekeana. Ndipo aliposema, "Nyumba hii haina moshi."

Tulidhani kwamba anasikitika tu, kama wazee wasikitikavyo. Lakini alikuwa akitoa somo. Aliwaeleza wajukuu zake, kama alivyowaita, kwamba moto wa mafiga hauwashwi kwa ajili ya chungu peke yake. Moshi hupanda, hupenya katika makuti, huyafanya meusi na makavu, na wadudu hawayapendi makuti yaliyofukizwa. Nyumba iliyopikiwa ndani paa lake hukaa kwa miaka. Nyumba iliyofungwa huliwa upesi. Kwa hiyo, akasema, hawa walioitunza nyumba hii bila kuishi ndani yake wana kazi kubwa kuliko aliyekuwa akiishi, kwa maana hapana budi waiezeke tena na tena. Mlinzi aliyekuwa karibu aliitikia kwa kichwa.

Tumefundisha miaka mingi, na hatukumbuki kipindi kingine ambacho darasa lilitulia namna ile. Walimuuliza walilala wapi watoto, maiti ilitolewa kwa mlango upi, mgeni aliketi wapi. Mengine alijibu, na mengine aliyakataa. Msichana mmoja alikuwa amesoma habari za mwana hiti, kile kinyago kidogo cha Wazaramo chenye kiwiliwili kisicho na mikono wala miguu, ambacho mwali alipewa wakati wa kuwekwa ndani. Akauliza kama bibi aliwahi kuwa nacho. Bibi akamtazama, akawatazama wavulana, akasema, "Hilo utaniuliza nyumbani." Vinyago hivyo leo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, vimesimamishwa chini ya taa ili kila apitaye avione. Hakuna kibao kiwezacho kueleza kilichokuwamo katika kimya kile cha bibi.

Kutoka hapo tuliendelea hadi Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Nyumba hii ilifunguliwa mwaka 1940, nayo ilipewa jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na baada ya Uhuru ikawa mali ya taifa kwa jina na kwa kazi. Humo ndimo lilimohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, alilolivumbua Mary Leakey katika bonde la Olduvai mwezi Julai 1959, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Yamo pia magari yaliyotumiwa na wakuu wa nchi, na hayo, tusidanganyane, ndiyo yaliyowapendeza wavulana zaidi ya fuvu. Tuliwaacha wapendezwe. Tuliwaambia pia habari ya kisichokuwamo: kwamba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale iliyofukuliwa na Wajerumani huko Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na kubebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini, imesimama Berlin hata leo, mmoja wao akiwa na kimo cha zaidi ya meta 13. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama tuliuziwa risiti. Swali la mzaha, lakini tuliliandika.

Kuhusu sanaa za kuchora na kuchonga, mgeni akituuliza majumba ya sanaa ya Dar es Salaam yako wapi, sisi humwelekeza vibandani kwanza. Huko Mwenge wachonga vinyago, wengi wao Wamakonde, huketi chini na gogo la mpingo katikati ya miguu, na mnunuzi hulazimika kuruka mabanzi ili aingie dukani. Humo utaona kinyago cha ujamaa, watu waliopandana na kushikana katika gogo moja, na kinyago cha shetani, mtindo ambao Samaki Likankoa aliuanzisha katika miaka ya 1950. Na Oysterbay, kwenye maduka ya Morogoro Stores, wako warithi wa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, kwa sababu hivyo ndivyo alivyoweza kuvinunua. Alikufa mwaka 1972, kabla hajapata kuona jina lake likiwa jina la mtindo. Waliomfuata waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1990. Twapenda kazi zao, lakini haturidhiki na kila kitu. Tembo yule yule na twiga yule yule, wamechorwa mara mia kwa ajili ya mtalii asiye na nafasi ndani ya begi lake, huchosha jicho. Lakini nani kati yetu wa Boko ametundika picha moja sebuleni kwake? Fundi humchorea yule anunuaye.

Jioni, tukirudi, tuliwaonyesha wanafunzi njia ya kuingilia Kunduchi, yaliko magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za kigeni. Wengi walikuwa wameishi jirani na mahali hapo tangu kuzaliwa. Bibi alisema kwamba anapajua, na kwamba safari hiyo hatalipa.

Juma lililofuata wanafunzi waliomba kabati moja kuukuu la maabara, wakaliweka nyuma ya darasa, wakaanza kukusanya. Waliletwa kifumbu, kata ya kuchotea maji, ungo, na kitana cha mbao kilichovunjika meno. Bibi alileta mbuzi yake ya kukunia nazi, ambayo meno yake ya chuma yamelika, na kiti chake kimeng'aa kwa miaka ya kukaliwa. Lakini aliitoa kwa masharti: ikifika Ramadhani ataichukua, kwani hana nyingine. Tuna daftari ambamo kila kitu kimeandikwa jina lake, mwenyewe, na siku kilipoletwa. Katika mstari wa mbuzi, kila mwaka tangu hapo, huandikwa kwa mkono wa mwanafunzi mwingine: imechukuliwa na mwenyewe, inatumika.