Nahodha Mmoja

Wahenga walisema, nahodha wengi chombo huenda mrama. Methali hiyo niliifundisha miaka mingi. Lakini ndugu msomaji, nahodha mmoja naye ana hatari yake, na hiyo sikuisoma kitabuni.

Sisi Wanyaturu wa Singida upepo tunaujua kwa kupepeta uwele. Tanga si letu. Mwaka 1975 nilipangiwa kufundisha Bagamoyo, na huko mvuvi mmoja mzee alinifundisha kuendesha ngalawa. Ngalawa ni gogo la mwembe lililochongwa, lenye mbao mbili pembeni za kulizuia lisipinduke. Siku za mashindano wengine walipanda wawili au watatu. Mzee yule alishindana peke yake, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili kwenye demani, ile kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga.

Somo lake lilikuwa fupi. Ukienda karibu na upepo, vuta demani mpaka ukingo wa mbele wa tanga uache kupepea, basi, usivute zaidi. Ukizidisha, ngalawa hulala upande, ubao wa pembeni huzama na kuburuta maji, mwendo hufa, nawe unadhani unakimbia kwa kuwa kamba imekaza. Upepo ukihamia nyuma, legeza. Kugeuza ndiko kugumu kwa aliye peke yake, maana foromali huhamishiwa upande wa pili wa mlingoti na usukani hubaki bila mtu. Upepo ukipiga kwa ghafla, achia kwanza, fikiri baadaye. Na kamwe usiifunge kamba. Izungushe mara moja kwenye boriti, ncha ibaki mkononi.

“Ukiifunga, nani atakufungulia, mwalimu?” aliniuliza. Mdogo wake aliifunga ili apate kuchota maji yaliyoingia chomboni. Hakurudi.

Baadaye niliongoza chuo cha ualimu. Mwaka mmoja wanachuo waligomea chakula, na mkubwa wangu akataka viongozi wao 6 wafukuzwe siku hiyohiyo. Niliomba siku 3. Tukaingia stoo pamoja, tukapima maharage, tukakuta madai yao ni ya kweli. Wote 6 walihitimu, mimi nikahamishwa. Sijutii uhamisho ule.

Amri ni kama demani, ni ya kushikwa mkononi. Aliyeifunga hupumzisha mkono, lakini upepo haumsubiri afungue fundo.